Mpini Mwepesi au Mpini Usionesa? Maswali Tunayoulizwa Sisi Wasafisha Madirisha wa Kigoma

Tuko wanne, tunasafisha vioo vya nyumba za wageni, ofisi na maduka kuanzia Mwanga hadi Bangwe, na mara mojamoja Ujiji. Tangu tuanze kutumia mipini mirefu badala ya ngazi, simu hazikauki: vijana wanaotaka kuanza kazi hii, wasimamizi wa nyumba za wageni wanaotaka kununua mpini wao wenyewe, na mafundi wa alumini wanaoambiwa na wateja "tusafishieni na vioo basi". Karibu wote huanza na swali la kilo. Kilo ni nusu tu ya habari, na ndiyo maana nimekaa chini kuyaandika haya.

Kwa nini mpini ulioandikwa kilo mbili na nusu unanichosha kama nimebeba ndoo?

Kwa sababu dukani uliupima ukiwa umefungwa, ukaushika katikati. Kazini umeuvuta wote na umeushika mwishoni.

Chukua mpini wa mita 6 wenye kilo 2.5, na uzito umeenea sawasawa. Ukiusimamisha wima kabisa, unabeba kilo 2.5 na hakuna zaidi. Sasa uulaze ukiwa umeushika kitakoni, mkono mmoja mwisho kabisa na mwingine sentimita 80 mbele yake. Katikati ya uzito ni mita 3 kutoka kitakoni, kwa hiyo mkono wa mbele unalazimika kuinua zaidi ya kilo 9, huku wa nyuma ukikandamiza chini ili kitako kisiruke. Ukiinamisha mpini kidogo tu kutoka wima, tuseme digrii 20, mkono huo unasukuma kama kilo 3 hivi. Hapo brashi hatujaiweka.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mpini wake ni mwepesi, muulize: mwepesi ukiwa na urefu gani, na umeinama kiasi gani? Mwenzetu mmoja ana miguu mirefu na hupenda kusimama mbali na ukuta ili aone kioo vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa akilalamika bega kila Ijumaa. Tulimsogeza hatua mbili karibu na ukuta, mpini ukasimama, malalamiko yakapungua. Hatukununua kitu.

Kunesa na kunepa ni jambo moja?

Hapana, na ukiyachanganya utanunua kitu kisicho sahihi. Kunepa ni mpini kulegea kwa uzito wake wenyewe, ukauona umepinda kama upinde hata kabla hujaufanyia kitu. Kunesa ni kurukaruka unapoufanyisha kazi: unasukuma mkono huku chini, na brashi kule juu inakuja baadaye kidogo, inapita ulipotaka isimame, inarudi. Ukitaka kujua nasema nini, jaribu kusafisha kona ya dirisha la juu kwa mpini unaonesa. Mkono umeshafika konani na brashi bado iko njiani. Ikifika inagonga fremu, tak, inarudi nyuma na kuacha pembetatu ya vumbi ambayo mteja ataiona kabla hujakunja mpira wa maji.

Mpini unaonesa unakula muda kuliko mpini mzito. Hilo naliandika kwa herufi ndogo lakini ndiyo hoja yangu kubwa. Uzito unakuchosha, kunesa kunakufanya urudie kazi ileile mara tatu, na ukirudia mara tatu unachoka vilevile.

Alumini, faibaglasi, kaboni: upi mwepesi na upi haunesi?

Tufanye hesabu badala ya kubishana. Fikiria mabomba matatu yanayofanana kabisa kwa umbo: kipenyo cha nje milimita 30, unene wa ukuta milimita 1.5. Tofauti ni malighafi tu.

La alumini litakuwa na gramu 360 hivi kwa kila mita. La faibaglasi, gramu 255. La nyuzi za kaboni, kama gramu 210. Kwa mita 6 unapata takriban kilo 2.2, kilo 1.5 na kilo 1.25. Mpaka hapa faibaglasi inaonekana mshindi wa mfuko mdogo.

Sasa funga kila bomba kitakoni kwa nguvu, lilaze hewani mita 4, kisha ning'iniza chupa ya maji ya lita moja kwenye ncha. Chupa ya alumini itashuka sentimita 22 hivi. Ya faibaglasi itashuka karibu mara mbili ya hapo, 44. Ya kaboni ya kawaida, kama 15. Sababu ni kwamba alumini ina ukakamavu, yaani ugumu wa kupinda, wa gigapaskali 70 (namba ikiwa kubwa, kitu hakipindi kirahisi), faibaglasi ya mabomba ya namna hii tumeihesabia 35, na kaboni tumeihesabia 100. Namba ya kaboni inaweza kupanda au kushuka kufuatana na aina ya nyuzi na jinsi zilivyopangwa: zikilala kwa urefu wa bomba zinazuia kupinda, zikizungushwa zinazuia kupasuka na kubonyea. Mtengenezaji mzuri huchanganya.

Ndiyo maana mpini wa faibaglasi unaoukuta dukani si mwepesi kama hesabu yangu inavyosema. Mtengenezaji anajua kwamba ukuta wa milimita 1.5 utanesa, basi anaunenepesha, na uzito unarudi kule kule kwa alumini au kuupita. Kaboni haihitaji kunenepeshwa. Bei yake, hata hivyo, ni mara kadhaa ya wenzake, na nitakuambia mbele kwa nini sisi wenyewe hatuitumii sana hapa mjini.

Ipo pia ya mchanganyiko, faibaglasi na kaboni pamoja, na hiyo inakaa katikati kwa kila kitu: bei, uzito, kunesa. Ukipewa ya mchanganyiko uliza kaboni ni asilimia ngapi. Muuzaji akikujibu "ni nyingi nyingi", umeshajua.

Kaka, nina bomba la maji la nusu inchi pale nyumbani. Si nifunge brashi tu?

Swali hili nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja na sicheki, maana nami nilianza hivyo hivyo. Bomba la chuma la nusu inchi linauzwa kwa urefu wa mita 6, na lina kilo 1.2 hivi kwa mita. Jumla ni kilo 7 na zaidi.

La kushangaza ni kwamba kwa ukakamavu mtupu linaishinda ile alumini yetu ya milimita 30. Ukining'iniza chupa ileile halishuki sana kama alumini inavyoshuka. Lakini lilaze mita 6 nzima bila chupa yoyote: bomba la chuma linanepa kwa uzito wake lenyewe karibu mita 1.4, alumini sentimita 60, faibaglasi kama 85, kaboni 24 hivi. Ukakamavu unaliwa na uzito. Kwa hiyo usitazame kimoja peke yake. Na hilo bomba likikuponyoka kutoka ghorofa ya kwanza, chini kuna vioo vya duka la mtu na vichwa vya watu.

Na mwanzi?

Mwanzi mzuri, uliokauka kivulini, wa mita 3 au 4, ni kifaa cha heshima. Una tundu ndani na kuta za nyuzi zinazokwenda kwa urefu, yaani mafundi wa kaboni wameiga kilekile alichokifanya Mungu. Ni mwepesi kuliko unavyodhani. Ubaya wake: hakuna mianzi miwili inayofanana, unapasuka ukikauka zaidi, ukilowa kila siku unaanza kuoza kwenye vifundo, na huwezi kuufupisha ukiingia kwenye bajaji. Kwa duka la chini Barabara ya Lumumba, tumia mwanzi na mtu asikuchekee.

Mpini mrefu si ndio bora? Unafika kote.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Urefu ukiongezeka, kupinda hakuongezeki kwa kiasi kilekile. Mzigo uleule kwenye ncha ya mpini ulio mrefu maradufu unaupindisha mara 8. Na kama unauzungumzia uzito wa mpini wenyewe, kunepa kunakuwa mara 16. Kutoka mita 6 kwenda mita 9, ambako macho yanaona ni "kidogo tu", kupinda kwa mzigo wa nchani ni zaidi ya mara 3, na kunepa mara 5.

Upande wa pili wa shilingi hiyo ni kipenyo. Ukitoka bomba la milimita 30 kwenda 36, ukuta ukiwa na unene uleule, malighafi inaongezeka kama asilimia 20, lakini ukakamavu unapanda kwa asilimia 70 na ushee. Ndiyo maana mipini mirefu mizuri ina kitako kinene ambacho kiganja kidogo hakikizunguki. Dada mmoja tunayefanya naye kazi aliujaribu mpini wa namna hiyo, akasema vidole havikutani na mkono unamshika ganzi. Alisema kweli. Ukakamavu ambao mkono wako hauwezi kuushika haukusaidii, chukua ulio mwembamba kidogo na ukubali kunesa.

Basi kwa majengo ya Kigoma ninunue urefu gani?

Hesabia mita 3 kwa kila ghorofa. Ukingo wa juu wa dirisha la ghorofa ya kwanza uko mita 5.5 hivi kutoka ardhini, la ghorofa ya pili kama 8.5. Mikono yako iko mita moja na zaidi juu ya ardhi, kwa hiyo mpini wa mita 6 unamaliza ghorofa ya kwanza kwa raha, na wa mita 9 unafika ya pili ukiwa umeinama kidogo. Majengo mengi tunayoitiwa ni ya chini au ghorofa moja. Mpini wa mita 6 hufanya sehemu kubwa ya kazi yetu. Wa mita 9 unatoka stoo mara chache.

Usisahau mteremko. Mji huu umekaa juu ya vilima, na nyumba inayoitwa ya chini upande wa barabara inaweza kuwa na ghorofa nzima upande wa ziwani. Zunguka nyuma kabla hujatoa bei. Mimi sikuzunguka mara moja, na siku ile niliisafisha kwa hasara.

Na umeme je? Nimeambiwa kaboni ni hatari.

Kaa kwenye swali hili kuliko mengine yote.

Kaboni inapitisha umeme. Alumini inapitisha umeme. Watu wanaijua ya alumini kwa sababu ni metali na inang'aa. Ya kaboni inawashangaza kwa sababu inafanana na plastiki nyeusi. Faibaglasi kavu na safi haipitishi, na hii ndiyo sababu vijiti vya mafundi umeme hutengenezwa kwa faibaglasi. Lakini mpini wako wa kazini si mkavu wala si safi. Una maji yanayotiririka nje, una mpira wenye maji ndani, una vumbi lililogandamana na sabuni. Faibaglasi ya namna hiyo usiipe roho yako.

Katika mitaa yetu waya za kilovolti 11 na 33 zinapita juu, na zile za volti 400 na 230 zinaingia kwenye nyumba kwa chini zaidi, nyingine zikipita jirani kabisa na baraza la ghorofa ya kwanza. Umeme wa msongo wa kati, ule wa kilovolti 11 na 33, hausubiri uguse. Ukisogea karibu vya kutosha unaruka.

Kanuni yetu ni rahisi: kabla ya kuvuta mpini, tunajiuliza ukianguka upande wowote unaweza kufikia waya? Kama jibu ni ndiyo, mpini haufunguliwi upande huo. Kioo kile kinasafishwa kutoka ndani, au mwenye jengo anawasiliana na TANESCO wazime laini kwa muda, au kinabaki kichafu. Tumeshapoteza kazi mbili kwa msimamo huu. Mwenye jengo mmoja alituambia "mbona wale wa juzi walifanya?" Sawa, aliwaita wale wa juzi.

Kwa sababu hiyo mpini wetu wa kila siku ni wa faibaglasi, ingawa unanesa kuliko ningependa. Si kwa kuwa unatukinga, kama nilivyosema. Ni kwa kuwa siku mtu mmoja kati yetu akikosea, nisingependa awe ameshika kaboni.

Nawezaje kupima ukakamavu mwenyewe kabla sijalipa?

Huhitaji maabara. Unahitaji meza nzito au ukuta mfupi wa baraza, futi kamba, chupa ya maji ya lita moja na rafiki mzito.

Vuta mpini mita 4. Laza kitako juu ya ukuta wa baraza, sentimita 80 zikae ukutani na zilizobaki zitokeze nje. Rafiki akalie kitako kile, kwa kweli akikalie, asikishike kwa mkono. Pima kutoka ncha hadi ardhini. Ning'iniza chupa, subiri itulie, pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kipimo cha ukakamavu wa huo mpini kwa urefu huo: ikiwa ndogo, mpini ni mkakamavu zaidi. Fanya hivyo hivyo kwa mpini wa pili, urefu uleule, chupa ileile. Usilinganishe na mpini uliopimwa mita 5 na mtu mwingine. Umeona hapo juu urefu unavyopotosha.

Kisha ondoa chupa, ivute ncha chini kidogo, iachie. Hesabu inavyocheza kabla ya kutulia. Mpini mzuri unatikisika haraka haraka na kunyamaza. Mpini mbaya unapunga taratibu kama mtu anayeaga treni.

Mwisho zungusha kila kifungio kinachokaza vipande vya mpini huku umekishika kipande kilicho juu yake. Ukisikia kinachezacheza, punguza bei au ondoka. Mipini mingi iliyochakaa inanesa kwenye maungio kuliko kwenye mabomba yenyewe.

Nitajuaje kaboni ni kaboni kweli?

Kwa mita ya fundi umeme. Tafuta mahali bomba lilipokatwa, kwenye ncha, pale ambapo hakuna rangi wala vanishi. Kwangua kidogo kwa msasa. Weka mita kwenye kipimo cha ukinzani, gusa sehemu mbili zilizokwanguliwa. Kaboni itakupa usomaji. Faibaglasi iliyopakwa rangi nyeusi itakaa kimya.

Nayajua haya kwa sababu niliuziwa. Niliagiza mtandaoni, picha ilionyesha ule mfumo wa vitambaa vyeusi vilivyosukwa, bei ilikuwa nzuri kupita kiasi, nami nikajiambia wenzangu wanaonunua ghali hawajui kutafuta. Ulipofika niliufungua uani, ukanepa kama ufito wa ndoana wenye samaki. Jirani yangu fundi akaleta mita yake. Kimya. Ule mfumo mweusi ulikuwa stika. Tulianza kuubandua kwenye kona na ukucha, ukatoka mzima mzima. Ndani kulikuwa na faibaglasi ya rangi ya maziwa. Muuzaji hakujibu tena ujumbe. Huo mpini tunautumia kufagilia utando wa buibui kwenye makenchi.

Jihadhari pia na neno "kaboni ya ukakamavu wa juu". Ipo kweli, na ni nyepesi na imenyooka ajabu, ila nyuzi zake hazipendi kugongwa. Ukiiangusha kwenye ukingo wa zege inaweza kupasuka pale ambapo ya kawaida ingekwaruzika tu.

Mpini wa vipande unaovutika: nianze kuvuta kipi?

Ukianza na kilicho chembamba, uzito unabaki chini karibu na mikono na vifungio unavifikia kirahisi, lakini ncha inanesa. Ukianza na kinene, vipande vyembamba vinabaki vimelala ndani yake na kupanda navyo. Ncha imetulia, ila umepeleka uzito juu. Kwa mita 3 au 4 mimi huvuta vyembamba. Kwa kusugua uchafu uliogoma, kinyesi cha popo kwa mfano, navuta vinene viwili na kuvumilia uzito.

Kama mpini wako una mita 9 na kazi ni ya mita 5, toa kipande cha kitako kabisa, ukiache kwenye gari. Kimekaa hapo bure na ndicho kizito kuliko vyote.

Usivute kipande kupita alama. Kiache angalau shubiri moja ndani ya mwenzake, la sivyo ungio linakuwa kama jino linalotikisika.

Halafu vumbi. Kiangazi, Juni hadi Septemba, vumbi letu jekundu linaingia ndani ya mabomba na kufanya kazi ya msasa. Kila ukifunga na kufungua unajikwangulia ukakamavu. Suuza kila kipande kwa maji safi jioni, kikauke kikiwa kimesimama. Usipake mafuta, si ya mashine wala mawese. Vumbi litapata gundi, na vifungio vitateleza mpini ukiwa juu.

Brashi ina uzito gani wa maana?

Mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Nusu kilo ya brashi kwenye ncha inasumbua mikono sawa na kilo nzima iliyoenea kwenye mpini. Kabla ya kutoa laki kadhaa ili upunguze gramu 500 kwenye mpini, tafuta brashi nyepesi kwa gramu 250: bega lako halitaona tofauti kati ya hizo njia mbili. Mpira wa maji nao upo. Wenye tundu la milimita 6 unabeba gramu 28 za maji kwa kila mita, mbali na uzito wa mpira wenyewe.

Nitumie skwiza au brashi yenye maji?

Skwiza, ule ubapa wa mpira wa kukwangulia maji kiooni, ikiwa juu ya mpini inataka mkandamizo ulio sawa kutoka juu hadi chini, kwa hiyo inadai ukakamavu zaidi. Kwa mpini unaonesa, zaidi ya mita 4 skwiza inaacha mistari. Brashi yenye maji inasamehe.

Lakini brashi yenye maji inakauka yenyewe kiooni, na hapo maji ndiyo habari. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu hata yanadanganya; yana pH karibu 9 na madini mengi yaliyoyeyuka, magnesiamu ikiwa mojawapo. Yakikauka juani yanaacha madoa meupe. Wenye mitambo huchuja hadi madini yanakaribia sifuri. Sisi tunakinga maji ya mvua kutoka bati safi, baada ya mvua za kwanza kuliosha, na kuyahifadhi kwenye simtanki. Yakiisha tunarudi kwenye skwiza na mpini mfupi.

Upepo?

Fanya madirisha marefu asubuhi. Mchana upepo unatoka ziwani, na mpini mnene wa mita 9 unaushika kama tanga. Mpini mwepesi hauna faida hapo, maana hauna uzito wa kuukataa upepo.

Nitausafirishaje kutoka Dar es Salaam?

Uliza urefu ukiwa umefungwa. Chini ya mita 2 unaingia kwenye buti la basi bila mabishano. Kwa treni ni safari ya kilometa 1,250 hivi, na mzigo unahamishwa na mikono mingi, kwa hiyo tia mpini ndani ya bomba la plastiki la maji taka la inchi 4, ziba pande zote kwa matambara. Ipo pia ile mipini inayoungwa kipande kwa kipande badala ya kuvutwa. Hiyo husafiri vizuri zaidi na maungio yake hukaza kuliko ya kuvuta, ila kuongeza na kupunguza vipande kunachukua muda. Wenye wasiwasi na vitu vya kuunga wakumbuke kwamba hata meli ya MV Liemba ilitoka Papenburg, Ujerumani, ikiwa vipandevipande, ikaja kuungwa hapa Kigoma.

Mpini wangu wa faibaglasi unawasha viganja. Nifanyeje?

Vanishi imekwisha kwa jua na nyuzi za kioo zinachomoka. Vaa glavu, upige msasa laini ukiwa umelowa na ukiwa umevaa barakoa, kisha upake vanishi ya kustahimili jua tabaka mbili. Ukiwa na ufa unaozunguka bomba, usiupake chochote. Kata pale penye ufa, utapata mpini mfupi usionesa kama zamani, nao uupeleke kwenye madirisha ya chini.